Homa ya Lamu ya 2004 na Kumbukumbu ya Damu



Ukiwa mtu wa Lamu na umri umekusogea kidogo, huhitaji kusimuliwa mwaka 2004. Unaukumbuka kwa magoti na kwa vifundo vya mikono. Lakini jarida hili husomwa zaidi na vijana, na wengi wao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wangali wakibebwa mgongoni. Basi leo tuzungumze juu ya homa ile, maana ndani yake mna jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia mbiombio: vipi mwili humtambua mgeni, na vipi damu ya mtu hukaa na habari ya ugonjwa miaka na miaka baada ya mwenyewe kupona.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa ukavu. Mei, ambao kwetu ni mwezi wa masika, ulikuwa mkavu na wa joto kuliko kawaida. Maji yakiwa adimu watu hufanya la busara, nalo ni kuweka akiba: mitungi, mapipa, ndoo, matangi, birika la chooni. Sasa kuna mbu mmoja, wataalamu humwita Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye hapendi kinamasi wala dimbwi la matope. Yeye ataka maji safi yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu, na huuma mchana. Chandarua cha usiku hakimhusu sana.

Wazee wetu hili walilijua kwa namna yao. Katika majumba ya mawe ya Lamu birika la maji lilikuwa likitiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika hujengewa bakuli la kaure la Kichina ili maji yakipungua samaki wasife. Pipa la plastiki halina samaki.

Watu wakaanza kuanguka. Homa ya ghafla, kichwa, upele kwa wengine, na maumivu ya viungo ya ajabu, mtu anashindwa kushika kikombe cha chai, anashindwa kuchutama. Homa ikizuka pwani wazo la kwanza ni malaria, lakini hii haikuwa malaria. Kufikia Julai 2004 maabara za KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walithibitisha kuwa ni kirusi cha chikungunya. Ugonjwa huo hauambukizwi kwa kupeana mkono wala kwa kula sinia moja. Mbu humuuma mgonjwa, hukaa na kirusi siku kadhaa, kisha humuuma mzima.

Mwezi wa Oktoba 2004, mwezi ambao Ramadhani ya mwaka 1425 iliingia, watafiti waliwapima damu watu 288 wa kisiwa cha Lamu. Waliokutwa na alama za ugonjwa ule katika damu yao walikuwa 215. Hiyo ni asilimia 75. Kisiwa kilikadiriwa kuwa na watu kama 18,000, kwa hivyo wakapiga hesabu kwamba watu 13,500 hivi walikuwa wameambukizwa katika miezi michache tu. Robo tatu ya kisiwa! Hakuna daftari la hospitali lingeweza kukupa hesabu hiyo, kwani wengi waliugulia nyumbani kwa panadol na kukandwa.

Hapo msomaji makini atauliza: Oktoba homa imeshapita, watu wamesharudi madukani na baharini, kirusi chenyewe hakimo tena katika miili yao. Walijuaje nani aliugua na nani hakuugua?

Hawakukitafuta kirusi. Walitafuta kumbukumbu yake. Damu ikiachwa igande, hujitenga maji ya rangi ya manjano mepesi. Ndani ya maji hayo mna protini ndogo mno zenye umbo la herufi Y, ziitwazo kingamwili. Kila aina ya kingamwili imetengenezwa kumnasa mgeni mmoja maalumu, na haimshughulikii mwingine. Kwa ufupi, maabara hukutanisha maji hayo na vipande vya kirusi cha chikungunya. Aliyeugua, kingamwili zake zitavinasa vile vipande. Ambaye hakuugua, vitapita tu. Kisha hutiwa dawa inayogeuka rangi pale penye kunasana. Na kuna aina mbili ambazo hutazamwa sana. Ile iitwayo IgM huja mwanzo, katika wiki ya kwanza ya ugonjwa, na hufifia baada ya miezi. Ile iitwayo IgG hufuata nyuma, lakini yenyewe hukaa miaka. Kwa hivyo damu haisemi tu kwamba mtu huyu aliugua, husema pia kama ni juzi au ni zamani.

MGENI HUJULIKANAJE?

Tuichukue nyumba ya zamani ya Lamu iwe mfano wetu. Nje pana daka, na viti vyake vya mawe, ambapo mgeni yeyote aweza kukaa. Ukivuka mlango kuna tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, ambamo si kila mtu huingia. Muuza samaki humalizana nawe mlangoni. Jamaa huvuka. Nyumba nzima imejengwa juu ya swali moja: huyu ni nani, na aishie wapi?

Mwili nao una daka lake, ambalo ni ngozi, machozi, mate, makamasi na ukali wa tumbo. Wengi wa wageni wabaya huishia hapo bila ya sisi kujua. Tatizo la mbu ni kuwa hapigi hodi. Anatoboa ukuta na kukimwaga kirusi ndani moja kwa moja.

Wanaokutana nacho mwanzo ni walinzi wa zamu, chembe nyeupe za aina mbalimbali, zikiwemo zile zinazomeza. Walinzi hawa hawamjui mgeni kwa jina. Wanajua tu kwamba si mwenyeji. Wanalijuaje hilo? Kwa ishara ambazo seli yetu nzima haipaswi kuwa nazo. Kirusi cha chikungunya, kwa mfano, hubeba maagizo yake katika uzi wa kemikali iitwayo RNA, na kinapojinakili ndani ya seli nyuzi hizo hujipanga mbili mbili kwa urefu na namna ambayo seli zetu hazifanyi. Zimo protini ndani ya seli ambazo kazi yake ni kugundua kitu kama hicho tu. Zikikigundua, seli hutoa intaferoni, ambayo ni kama ukelele kwa majirani: fungeni milango. Na joto la mwili hupandishwa. Kumbe homa ile iliyowalaza watu Mkomani na Langoni haikuwa kirusi peke yake. Sehemu yake ilikuwa ni mwili wenyewe unapigana.

Lakini ukelele hautoshi. Chembe zilizomeza vipande vya mgeni hutembea navyo mpaka kwenye tezi, zile ambazo zikivimba kwapani au kinenani tunaziita mitoki. Huko kunangoja jeshi la pili, seli B na seli T. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu kweli.

Mwili wako una mamilioni kwa mamilioni ya seli B, na kila moja ina umbo lake la kunasia, tofauti na la mwenziwe. Nyingi zitakufa bila ya kukutana na kitu kinachozifaa. Kikija kipande cha mgeni, kitapitishwa pitishwa hadi kimpate yule mmoja ambaye umbo lake linakubaliana nacho, kama ufunguo na kufuli yake. Huyo ndiye ataamrishwa azaane, na watoto wake maelfu wamwage kingamwili. Wazo hili lilielezwa na Macfarlane Burnet wa Australia mwaka 1957, na watu wakamuuliza swali la haki: mwili una jeni chache, utapataje maumbo mengi hivyo? Jibu lilitolewa na Susumu Tonegawa, Mjapani, kuanzia mwaka 1976. Seli B hukatakata vipande vya jeni zake na kuviunganisha upya, kila moja kwa mpangilio wake. Ni kama anayetunga ushanga: rangi ni chache tu, lakini tungo zake hazina hesabu. Kwa hivyo mwili wa mtoto wa Matondoni ambaye hajapata kutoka kisiwani tayari una seli inayoweza kumnasa mgeni kutoka nchi ambayo hajaisikia.

Na mbona zisituvamie sisi wenyewe? Maana kama maumbo hutungwa ovyo, mengine yatafanana na viungo vyetu. Kwa upande wa seli T, nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ndogo, thaimasi, kubwa utotoni na hunyauka ukubwani. Kwa miaka mingi madaktari waliiona haina kazi. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kuwa bila hiyo kinga haisimami. Ndiyo chuo cha seli T. Humo zinaonyeshwa vipande vya mwili wenyewe, na inayojitupa kushambulia mwenyeji huuawa kabla haijahitimu. Si chuo kamili. Baadhi hupenya, ndio maana kuna maradhi ambayo kinga humgeukia mwenyewe.

Hatua hii ya pili huchukua siku. Ndio maana mgonjwa wa 2004 homa yake ilimshika siku chache kisha ikashuka, na kirusi kikaisha katika damu kama wiki moja hivi. Vita vikimalizika seli nyingi hufa. Zinabaki chache, seli za kumbukumbu, na nyingine hujificha ndani ya uboho wa mifupa zikiendelea kutoa kingamwili polepole. Hizo ndizo zilizowajibu watafiti Oktoba ile.

WALIOLIONA KABLA YA MAABARA

Kwamba baadhi ya maradhi humpata mtu mara moja tu, watu walikuwa wakilijua zamani. Abu Bakr al-Razi, tabibu aliyefariki mwaka 925, aliandika kitabu kizima juu ya ndui na surua, akazitenganisha, kisha akajaribu kueleza mbona ndui hairudi. Alisema damu ya mtoto ni kama maji ya zabibu mabichi, ambayo hayana budi kuchachuka. Ikishachachuka mara moja, haichachuki tena. Maelezo yake sayansi imeyaacha, lakini swali alilokamata ndilo hasa.

Ushahidi bora, kwa maoni yangu, ulitoka visiwani. Kuna visiwa vya Faroe, vya Denmark, huko baridini kaskazini. Mwaka 1846 surua iliingia huko na katika wakaazi kiasi cha 7,800 ikawashika kama 6,000. Serikali ya Denmark ilipeleka daktari kijana, Peter Panum, wa miaka 25. Alienda kijiji hata kijiji akiuliza. Akagundua kuwa surua ilikuwa haijafika visiwani tangu 1781, miaka 65 nyuma. Na wale wazee waliougua utotoni mwaka 1781, hakumpata hata mmoja aliyeugua tena. Kwa miaka 65 miili yao haikuwahi kukutana na ugonjwa ule, na bado iliukumbuka! Vikongwe walikuwa wakihudumia wajukuu wagonjwa bila ya kudhurika. Kisiwa ni mahali pazuri pa kujifunzia haya, kwa sababu ugonjwa ukiingia na kutoka, tarehe yake inajulikana.

Kwa Kiswahili neno letu chanjo linatokana na kuchanja, kukata ngozi. Ndivyo ilivyokuwa mwanzo, watu walichanjwa kidogo na kutiwa usaha wa mgonjwa wa ndui aliye na hali nyepesi. Uturuki ya Othmaniya walifanya hivyo, na Lady Mary Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, akaipeleka habari hiyo kwao. Mwaka 1721 akamchanja binti yake London. Mwaka 1796 Edward Jenner akatumia ndui ya ng'ombe, ambayo haiui, kumfundisha mwili kuijua ile inayoua. Kazi hiyo ilimalizikia karibu na kwetu. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, pwani ya Benadir, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na hakuwa na kinga; mwenyewe alieleza baadaye kuwa aliogopa maumivu ya chanjo. Alipona. Miaka mingi baadaye akawa anatembea mitaani kuwahimiza Wasomali wawachanje watoto polio, na alifariki mwaka 2013, kwa malaria, akiwa katika kazi hiyohiyo.

KIDINGAPOPO

Turudi kwenye homa yetu. Je, Lamu 2004 ilikuwa mara ya kwanza pwani hii kuiona? Jina la chikungunya lina umri mdogo. Lilitoka Newala, katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, kulikozuka ugonjwa mwaka 1952 na 1953. Kwa Kimakonde linataja kule kukunjika kwa mgonjwa. Lakini kabla yake tulikuwa na jina letu, kidinga pepo au kidingapopo. Mwaka 1870 ilizuka Unguja homa ya viungo, na daktari wa Kiskoti aliyekuwa akitibu huko, James Christie, aliandika kuwa wazee waliikumbuka homa kama hiyo iliyopita kiasi cha mwaka 1823, nayo ikiitwa kwa jina hilohilo. Christie alidhani kwamba jina la homa ya dengi, linalotumika dunia nzima, asili yake ni hilo neno letu la Kiswahili. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja, Donald Carey, alizipitia taarifa hizo za zamani, akaona maumivu ya viungo yanayodumu yaliyotajwa humo yanafanana zaidi na chikungunya kuliko dengi. Ikiwa ni hivyo, basi majina yamebadilishana mahali: kidingapopo chetu kilikuwa chikungunya, na jina lake likaazimwa na ugonjwa mwingine.

Tazama mwanya wa miaka: 1823, kisha 1870. Miaka 47. Wakati huo wale waliougua wanazeeka na kufa, na pembeni yao panakua kizazi kipya ambacho damu yake haijui kitu.

ILIKOELEKEA KUTOKA LAMU

Lamu ilitulia mwishoni mwa 2004. Miongoni mwa sababu ni ile asilimia 75 yenyewe. Mbu anayemuuma mtu mwenye kinga hachoti kirusi. Watu watatu katika kila wanne wakiwa hivyo, mbu anachoka kutafuta wa nne, na yule wa nne hunusurika bila ya kuwa na kinga yoyote mwilini mwake. Anaegemea ukuta wa jirani.

Kirusi chenyewe hakikutulia. Mwishoni mwa mwaka huo kilikuwa Mombasa. Mwanzo wa 2005 kikatua Komoro, na huko Ngazija upimaji wa damu ulikuta asilimia 63 wameambukizwa. Kikashika njia ya majahazi ya babu zetu, ila sasa kwa ndege: Mayotte, Shelisheli, Morisi, na La Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakaazi waliambukizwa, watu zaidi ya 250,000. Huko kikabadilika. Badiliko dogo katika ganda lake, herufi moja tu ya maagizo, likakiwezesha kubebwa vizuri zaidi na mbu mwingine, Aedes albopictus, anayestahimili nchi za baridi. Mwaka 2006 kikaenea India na kuugusa umma wa watu zaidi ya milioni moja, na mwaka 2007 msafiri kutoka India akakifikisha kijiji cha Italia. Wanasayansi walipolinganisha nyuzi za RNA, ukoo wa virusi hivyo uliwarudisha kwenye sampuli za pwani ya Kenya za 2004.

Na La Réunion kilirudi. Kuanzia Agosti 2024 wagonjwa walianza kuonekana tena, na kufikia katikati ya 2025 waliothibitishwa maabara peke yake walikuwa wamezidi 50,000. Ilikuwa karibu miaka ishirini imepita. Sehemu kubwa ya wakaazi hawakuwa na kingamwili: waliokwepa mara ya kwanza, waliohamia, na waliozaliwa baadaye. Kwetu Kenya nako kilizuka Mandera mwaka 2016, na Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018.

Sasa hesabu ya nyumbani kwako. Mama aliyeugua mwaka 2004 kisha akazaa 2005 alimpa mtoto wake kingamwili za IgG kupitia kondo la nyuma. Lakini kile kilikuwa kitu cha kuazima. Mama hampi mtoto seli za kumbukumbu zinazozitengeneza, humpa kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, nazo huisha katika miezi ya mwanzo ya maisha. Mtoto huyo leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake, na kwa ugonjwa huu damu yake ni mpya kabisa isipokuwa kama ameupata kwingineko. Mama yake hana wasiwasi mkubwa. Utafiti unaonyesha kinga baada ya chikungunya hudumu miaka mingi, na wengi wanaamini ni ya maisha.

Sitaki udhani kumbukumbu ya damu ni jambo jema kila mara. Waulize wale ambao viungo viliwauma miezi sita, mwaka, na zaidi, baada ya homa. Sehemu ya maumivu hayo hutokana na walinzi wenyewe, ambao waliingia viungoni na hawakutoka upesi. Dengi ni mbaya zaidi kwa hili. Ina aina nne. Mtu aliyeugua aina moja, akipatwa baadaye na nyingine, kingamwili zake za zamani huweza kuinasa ile mpya nusunusu bila ya kuiua, na badala ya kuizuia zikaisaidia kuingia ndani ya seli. Kwa hivyo mara ya pili ndiyo mara ya hatari. Mombasa ilipata dengi mwaka 2013 na mara nyingine baadaye, na mbu wake ni huyohuyo wa mapipani.

Chanjo ya chikungunya ipo, ila habari yake haijatulia. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa. Ilipotumika La Réunion mwaka 2025 baadhi ya wazee walipata madhara makubwa, wa miaka 65 na zaidi wakaondolewa katika orodha, na Agosti 2025 Marekani ikasimamisha leseni yake. Ya pili, isiyo na kirusi hai, iliidhinishwa huko Februari 2025.

Kwa hivyo tumebaki na chombo cha maji. Funika mtungi na pipa kwa kitambaa au kifuniko kinachobana. Na ukilimwaga pipa usiliache hivyo, lisugue kuta zake kwa brashi au kumbi, kwa kuwa yule mbu hatagi juu ya maji. Hutaga ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja utie maji tena.